Jino lililokatwa ncha ya mzizi: Ni nini hasa kinacholiangusha?



Ndugu msomaji, wapo watu wengi katika jamii yetu ambao kwao jino likiuma lina tiba moja tu, nayo ni kung'oa. Wengine wamepiga hatua, wanajua kuwa jino linaweza kuzibwa, na hata kiini chake kikioza linaweza kusafishwa ndani na kubaki mdomoni. Lakini wakisikia kuwa fulani amepasuliwa ufizi na kukatwa ncha ya mzizi wa jino, husema: "Hilo jino si litaanguka? Limekatwa mzizi litashikwa na nini?"

Swali hilo ni la maana na halistahili kuchekwa. Nalo ndilo tutakalolijibu leo, kwa sababu jibu lake lisipoeleweka, mtu hulinda pale pasipo na hatari na kupaacha wazi pale penye hatari. Mimi mwenyewe nimeshuhudia jino likipotea kwa njia hiyo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kisa cha mama na jino lake la mbele

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kituoni kwetu mama mmoja wa makamo. Alipokuwa msichana aligongwa na mchi wakati wa kutwanga, na jino moja la mbele, taya la juu, likafa taratibu na kubadilika rangi. Baadaye alipata tiba ya mzizi, yaani jino lilitobolewa, kiini kikatolewa, na mfereji ukazibwa. Baada ya muda kijipu kikarudi kwenye ufizi, akapelekwa hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji wa kukata ncha ya mzizi. Akaja kwangu kutolewa nyuzi.

Nilimwambia maneno ambayo wengi wetu matabibu huyasema: "Mama, jino hili sasa ni dhaifu, usilitumie." Sikusema zaidi ya hapo. Sikumweleza namna ya kulisafisha, wala sikumtazama fizi zake zina hali gani.

Alirudi baada ya miaka mitano hivi. Jino linacheza. Akaniambia, "Mwanangu, ule mzizi uliokatwa umeshindwa kushika." Tulipopiga eksirei tukaona jambo ambalo hakulitarajia, wala mimi sikulitarajia. Pale chini ulipokatwa mzizi, mfupa ulikuwa umejaa na kupona vizuri kabisa. Mfupa uliotoweka ni ule wa juu, kwenye shingo ya jino, karibu na ufizi. Nilipomuuliza alivyokuwa akipiga mswaki, akasema kwa miaka yote hiyo alikuwa akiliruka jino lile, akiogopa kulitikisa. Ukoga ulikuwa umejijenga kuzunguka jino, ufizi umeshuka, na mfupa umeliwa. Jino hilo halikuweza kuokolewa.

Sasa, ili tufahamu kwa nini milimita chache za juu ziliangusha jino ambalo milimita chache za chini hazikuliangusha, hatuna budi kwanza tujue jino limeshikwaje.

Jino limeshikwaje taya?

Jino lina sehemu mbili kubwa. Ile tunayoiona ni kichwa chake. Ile iliyozama ndani ya mfupa wa taya ni mzizi. Pale vinapokutana ndipo tunapoita shingo ya jino. Kwa mtu mzima, jino la katikati la mbele, taya la juu, lina kichwa cha urefu wa kama milimita 10 na mzizi wa kama milimita 13.

Mzizi haukugandishwa kwenye mfupa kama msumari kwenye zege. Katikati yake na mfupa upo upenyo mwembamba wa kama sehemu mbili ya kumi ya milimita, uliojaa nyuzi laini zenye nguvu. Nyuzi hizo upande mmoja zimeingia kwenye mzizi na upande mwingine zimeingia kwenye mfupa. Jino limening'inizwa humo. Unapotafuna, nyuzi zinavutika kidogo, zinapokea mshindo na kuugawa kwenye mfupa mzima unaozunguka mzizi. Ndani ya upenyo huo mna neva zinazokupa habari ya ugumu wa kitu unachotafuna. Ndiyo maana ukikuta mchanga kwenye wali unaacha kutafuna mara moja hata kabla hujafikiri.

Kwa hiyo kinacholishika jino ni eneo lote la ubavu wa mzizi lililopakana na mfupa. Ncha peke yake si nanga. Tulikumbuke hilo, kwa sababu ndiyo msingi wa maelezo yote yanayofuata.

Kwa nini ncha ya mzizi hukatwa?

Tiba ya mzizi ya kawaida huingia kwa juu, kupitia kichwa cha jino. Daktari husafisha mfereji mkuu na kuuziba. Tatizo ni kwamba karibu na ncha, mfereji huo mara nyingi hugawanyika katika vijifereji vidogo mfano wa mizizi ya mchicha. Vijidudu vikibaki humo, mfupa wa pembeni huendelea kuvimba na kuliwa, na usaha hutafuta njia ya kutokea kwenye ufizi.

Mara nyingi hatua ya kwanza ni kurudia tiba ile ile kwa juu. Ikishindikana, au ikiwa njia ya juu imezibwa na kipande cha chuma kilichosimikwa ndani ya jino, ndipo upasuaji hufikiriwa. Ufizi hufunuliwa, kitundu kidogo hufunguliwa kwenye mfupa, uchafu hutolewa, na ncha ya mzizi hukatwa kiasi cha milimita 3. Kiasi hicho kimechaguliwa kwa sababu vijifereji vingi vya pembeni viko katika milimita 3 hizo za mwisho. Kisha mfereji uliobaki huchimbwa kwa upande wa chini, nao milimita 3 hivi, na kuzibwa.

Zamani upasuaji huu ulikuwa na matokeo ya wasiwasi. Mzizi ulikatwa kwa mshazari wa kama nyuzi 45 ili daktari aweze kuona, jambo lililopunguza upande mmoja wa mzizi kuliko mwingine na kuacha njia nyingi zaidi za vijidudu kupenya. Siku hizi, penye vifaa, daktari hutumia hadubini, hukata mzizi karibu sawasawa bila mshazari, huchimba kwa ncha ndogo zinazotetemeshwa kwa mawimbi ya sauti, na huziba kwa simenti maalumu. Simenti iitwayo MTA ilianzishwa na Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, na maandiko ya kwanza kuihusu yalitoka mwaka 1993. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, ukachapishwa mwaka 2010 na Setzer na wenzake, ulikuta mafanikio ya njia ya zamani ni kama asilimia 59 na ya njia hii mpya ni kama asilimia 94.

Hapo ndugu msomaji tunaona kuwa kupona kwa ncha, kwa njia ya kisasa, ni jambo la kutarajiwa. Swali linalobaki ni la nguvu za kutafuna.

Nguvu za kutafuna na mfano wa nguzo

Mtu mzima akiuma kwa nguvu zake zote kwa magego, nguvu hiyo kwa wengi hufika sawa na uzito wa kilo 50 hadi 70. Kwa meno ya mbele ni ndogo zaidi, kama kilo 10 hadi 20. Kutafuna chakula cha kawaida hakufiki huko, lakini tunatafuna mara nyingi sana kwa siku, na mara moja moja tunauma kitu kigumu bila kutegemea.

Muhimu kuliko ukubwa wa nguvu ni upande inakotokea. Fikiria nguzo ya uzio uliyoichimbia ardhini. Ukiipiga kichwani kwa nyundo, inazama tu na kukaa imara zaidi. Lakini ukiisukuma kwa ubavu juu kabisa, inalegea, hata kama nguvu uliyotumia ni ndogo. Kadiri nguzo inavyokuwa ndefu juu ya ardhi na fupi chini ya ardhi, ndivyo inavyong'oka kwa urahisi. Nguzo hiyo imekuwa wenzo, na egemeo lake liko chini ya ardhi.

Jino ni hivyo hivyo. Magego husukumwa zaidi kwenda chini, kufuata urefu wa mzizi. Meno ya mbele yamekaa kwa kuinama, na meno ya chini huyasukuma kwenda nje. Kwa hiyo jino la mbele daima linapinduliwa kidogo. Mkazo mkubwa hutokea pale mfupa unapoanzia, kwenye shingo, na mwingine hutokea chini kwenye ncha, upande wa pili.

Milimita 3 za chini na milimita 3 za juu

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Jino letu lina milimita 10 nje na milimita 13 ndani. (Kwa kweli mfupa huanza milimita 1 hadi 2 chini ya shingo, lakini tuliache hilo ili hesabu iwe nyepesi.)

Daktari akikata milimita 3 za ncha, nje panabaki 10 na ndani 10. Nguzo imepungua kwa chini, lakini sehemu ya juu ya ardhi haikuongezeka.

Sasa chukua jino jingine ambalo halijakatwa, ila ugonjwa wa fizi umekula milimita 3 za mfupa kwenye shingo. Ndani panabaki 10 vile vile. Lakini nje sasa si 10 tena, ni 13. Mtu akilisukuma jino hilo kwa ubavu kwa nguvu ile ile ya zamani, uwezo wa nguvu hiyo kulipindua, ukipimwa kutoka pale mfupa unapoanzia, umeongezeka kwa asilimia 30.

Jambo la pili ni umbo la mzizi. Mzizi si bomba lenye unene mmoja, umechongoka kama karoti. Chukua karoti ukate kipande cha chini kabisa, kisha ukate kipande cha urefu huo huo upande wa juu penye majani, uone kipi kina ganda kubwa zaidi. Tukichukulia kuwa mzizi una umbo la karoti iliyochongoka sawasawa, milimita 3 za mwisho kati ya 13 zina kama asilimia 5 tu ya ubavu wote wa mzizi. Milimita 3 za juu zina kama asilimia 41. Mzizi halisi haukuchongoka kwa ukamilifu namna hiyo, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko ya hesabu yetu, lakini mwelekeo ni huo huo. Sehemu kubwa ya nyuzi zinazoshika jino iko juu, karibu na shingo.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa kompyuta. Hutengeneza picha ya jino na mfupa wake, wakaigawa katika maelfu ya vipande vidogo, kisha wakakokotoa mkazo wa kila kipande wanapoweka mzigo. Matokeo yanalingana na karoti yetu: kukata ncha kiasi cha kawaida kwenye jino lenye mfupa mzima huongeza mkazo kidogo, lakini kupotea kwa mfupa wa shingoni kwa kiasi hicho hicho huongeza mkazo kwa kiasi kikubwa zaidi. Na vyote viwili vikikutana katika jino moja, hali ndiyo huwa mbaya. Kwa hesabu yetu, hapo jino lina milimita 13 nje na 7 tu ndani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya yule mama. Daktari wa upasuaji alimwachia milimita 10 zilizotosha. Ukoga ndio uliomnyang'anya zilizobaki, na mimi sikumwonya.

Hatari ya pili: mzizi kupasuka

Mbali na kulegea, jino linaweza kupasuka. Wengi huamini kuwa jino lililotolewa kiini "hukauka" kama kuni na kuwa la kuvunjika. Sababu kubwa si ukavu. Jino huwa dhaifu kwa sababu ya kiasi cha jino lenyewe kilichoondolewa, kwanza na uozo, kisha na kuchimba.

Mwaka 1989 watafiti Reeh, Messer na Douglas walichapisha vipimo vyao. Walikuta kuwa kazi ya tiba ya mzizi peke yake hupunguza uimara wa jino kwa kama asilimia 5 tu. Lakini kuchimba tundu linalopita katikati ya jino na kukata kingo zake zote mbili za pembeni hupunguza uimara kwa kama asilimia 63. Maana yake, kuta za jino ndizo nyumba. Zikibaki, jino linasimama. Zikibomolewa, kila unapotafuna kuta zilizobaki hutanuka kwenda nje, na ufa huanza.

Baada ya upasuaji wa ncha, mambo matatu huongeza hatari ya ufa. La kwanza ni kuta za mzizi kuwa nyembamba kwa kuchimbwa kupita kiasi. La pili ni kipande cha chuma kilichosimikwa ndani ya mzizi ili kushikilia kichwa bandia. Kikiwa kinene au kimechongoka, hufanya kazi kama kabari ya kupasulia kuni. La tatu ni jino la nyuma kuachwa bila kofia. Utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002 ulikuta kuwa meno yaliyopata tiba ya mzizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa.

Kofia nzuri ni ile inayokumbatia jino lenyewe. Madaktari hutaka pabaki ukuta wa jino wa kama milimita 2 juu ya ufizi, kofia iuzunguke kama pete ya chuma inavyozunguka pipa. Jino la mbele ambalo halikuharibika sana huenda lisihitaji kofia, kuziba tu kukatosha. Gego lililochimbwa sana huhitaji.

Liko jambo jingine ambalo mgonjwa mwenyewe hulisahau. Jino lililotolewa kiini halikupi onyo kama zamani. Watafiti wa Sweden, Randow na Glantz, mwaka 1986 waliweka mzigo kwenye meno mazima na yale yaliyotolewa kiini. Yaliyotolewa kiini yalibeba mzigo zaidi ya mara mbili kabla ya mtu kusikia maumivu. Basi usilipime jino kwa kusema "haliumi, kwa hiyo linaweza".

Tabia za nyumbani zinazoumiza

Kumenya muwa kwa meno ya mbele ni katika mambo mabaya kwa jino la namna hii. Unauma ganda, kisha unavuta kwa mkono kwenda pembeni. Hiyo ndiyo ile nguvu ya kusukuma nguzo kwa ubavu. Menya muwa kwa kisu, ukate vipande, utafune kwa magego mazima.

Kufungua soda kwa meno, kukata uzi wa kushonea, kutafuna barafu, kubana kokwa la tende, na kuvunja mifupa ya mbuzi kutafuta uboho, yote ni ya kuachwa. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwa mkono. Chakula cha kawaida, wali, ugali, samaki, nyama laini, matunda, hakina tatizo baada ya kupona. Jino halikuokolewa ili likae kama pambo.

Wapo wanaosaga meno usiku bila kujijua. Dalili zake ni taya kuchoka asubuhi, meno kulika sawasawa, na mara nyingi mwenzako wa ndoa husikia mlio. Mtu wa namna hiyo amweleze daktari wa meno, kwani inaweza kutengenezwa kinga ya plastiki ya kuvaa wakati wa kulala.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji

Siku ya kwanza weka kitambaa chenye barafu shavuni kwa nje, dakika kumi hadi kumi na tano, pumzika, rudia. Kula chakula laini kisicho moto. Usivute mdomo kila saa kutazama mshono, kwani nyuzi hukatika kwa udadisi. Usivute sigara. Dawa za maumivu tumia ulizoandikiwa. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito waseme mapema, kwani baadhi ya dawa hizo haziwafai.

Watu wengi huuliza juu ya udhu. Kusukutua kwa nguvu katika saa 24 za mwanzo kunaweza kung'oa damu iliyoganda ambayo ndiyo inayoanzisha uponaji. Hapa tabibu na shehe hawagombani. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani yetu tunayafuata, kusukutua katika udhu ni sunna. Mwenye jeraha anaweza kuingiza maji kidogo akayaacha yatoke yenyewe bila kuyazungusha, au akaacha kwa siku hiyo. Aliye katika madhehebu mengine amuulize mwalimu wake. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kwa upole, yanasaidia.

Upasuaji huu kwa kawaida si wa dharura. Ikiwa Ramadhani imekaribia, zungumza na daktari mpange siku kabla au baada ya mwezi, ili kula, kunywa na kumeza dawa kusiwe na usumbufu.

Mswaki na msuwaki wa mti, meno mengine endelea nayo tangu siku ya kwanza. Jino lenyewe lipumzishwe mpaka daktari atakapokuruhusu, kwa kawaida baada ya nyuzi kutolewa, kisha lisafishwe kama mengine. Narudia: kama mengine. Tumia mswaki laini, upitishe pale ufizi unapokutana na jino. Msuwaki wa mti ni mzuri, ila ncha yake ichambuliwe iwe laini, na ujue kuwa hauingii katikati ya meno. Hapo tumia uzi wa meno. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki wala kwa mkaa wala kwa chumvi. Nenda ukasafishwe hospitali.

Mfupa hujaza kitundu polepole, miezi 6 hadi mwaka na zaidi kwa kitundu kikubwa. Kwa hiyo rudi kupiga eksirei hata kama huumwi, hasa baada ya mwaka mmoja.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usisubiri ukiona kijipu kinachotoa usaha kwenye ufizi, hasa kikiwa karibu na ukingo wa ufizi. Ukisikia maumivu ya ghafla unapouma na kuachia. Jino likianza kucheza. Au ufizi ukishuka mahali pamoja tu kwenye jino hilo. Dalili hizo zinaweza kumaanisha ufa wa urefu wa mzizi. Jino la mzizi mmoja lenye ufa wa namna hiyo mara nyingi huishia kung'olewa, na kuchelewa huongeza mfupa unaoliwa, jambo litakalofanya hata jino bandia kukosa mahali pa kukaa.

Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa, au shida ya kumeza na kupumua ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kukubali upasuaji, uliza haya. Je, inawezekana kurudia tiba ya mzizi kwa juu kwanza? Mzizi wangu una urefu gani, na utabaki kiasi gani? Mfupa wa shingo ya jino uko salama, na fizi zangu zina ugonjwa? Je, jino lina ufa? Baada ya upasuaji litahitaji kofia, na gharama yake ni kiasi gani?

Swali hilo la mwisho wengi hulipuuza. Mtu huuza mbuzi wawili kulipia upasuaji, kisha hana fedha ya kofia, na gego linapasuka kabla ya mwaka. Ni heri kujua hesabu nzima mwanzoni. Na ikiwa mzizi ni mfupi sana, au mfupa wa juu umekwisha, au jino limebaki vipande, daktari mkweli atakuambia ling'olewe, na hilo nalo ni tiba.

Ndugu zangu matabibu na wauguzi wa zahanati, nanyi nina ombi kwenu. Mgonjwa aliyekatwa ncha ya mzizi akija kutolewa nyuzi, msimwambie tu "usilitumie". Mwangalieni fizi, mwonyesheni kwa mswaki mkononi namna ya kulisafisha jino hilo hilo analoliogopa, kisha mwambieni aoneshe yeye mbele yenu. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Mimi sikuitoa kwa yule mama, na leo ana pengo mbele.